Kobalti inahesabiwa kwa tani, lakini ndani ya seli zetu nani anaihesabu?

Kobalti yetu inahesabiwa mupaka tani ya mwisho. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, Kongo iliondoa katazo la kuuza kobalti inje na kuweka viwango: kwa mwaka huu wa 2026, kampuni zote pamoja haziruhusiwi kuuza inje zaidi ya tani 96,600. Kila lori linaloelekea Kasumbalesa liko na karatasi zake. Lakini kuna kobalti ingine ambayo haipiti Kasumbalesa. Inabaki ndani ya mukojo, ndani ya damu na ndani ya seli za watu wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi. Hiyo, nani anaihesabu?

Kwa sehemu kubwa, jibu limekuwa: labo za Ubelgiji. Makala hii haiko ya kulaumu Wabelgiji, tutarudia jambo hilo. Iko juu ya wanafunzi wa biolojia, wa uganga na wa agronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), na juu ya memwari wanazoandika, ama wanazotamani kuandika na kushindwa. Maana ulizo kubwa la afya ya muji huu limekuwa ulizo la seli na la ADN, na vijana wanaozaliwa hapa wangepaswa kuwa wa kwanza kulijibu.

Tuanze na kile kinachojulikana. Mwaka wa 2009, watafiti wa UNILU pamoja na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, wakishirikiana na Profesa Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven, walitangaza matokeo ya vipimo vya mukojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Wale walioishi chini ya kilometa 3 kutoka mugodi ama kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti kwa wingi ambao haukuwa umeandikwa mbele ya hapo kwa watu wa kawaida, yaani watu wasiofanya kazi kiwandani. Mwaka wa 2018 ikafika zamu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walikuwa wanachimba hata ndani ya parsele zao. Huko watoto ndio walikutwa na tofauti kubwa zaidi, na pamoja na kobalti zilionekana alama za ADN iliyoharibiwa.

Kisha ikaja kazi ya Lubumbashi yenyewe, iliyotoka mwaka wa 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Watafiti, kati yao Daan Van Brusselen na Tony Kayembe-Kitenge, walifuata watoto waliozaliwa katika muji wetu kuanzia Machi 2013 mupaka Februari 2015. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana kwa macho na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Wengi wetu tungetazamia kwamba damu ya mama ingeonyesha kobalti mingi pale kuna kilema. Haikuwa hivyo. Metali mbili tu, manganezi na zinki katika damu ya kitovu, ndizo zilionyesha uhusiano. Alama yenye nguvu kuliko zote ilikuwa kazi ya baba: mutoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusiana na madini alikuwa na uwezekano mara 5.5 zaidi wa kuzaliwa na kilema.

Tusome vizuri. Kilema cha namna hiyo kinabaki jambo la nadra, karibu mutoto 1 kati ya 1,000 kwa hesabu ya kazi hiyo, na utafiti wa namna hii unaonyesha uhusiano tu, hauonyeshi sababu. Hakuna baba wa Ruashi ama wa Kipushi anayepaswa kulala akijihukumu juu yake. Lakini ulizo limebaki wazi: namba ya baba inapita wapi mupaka kumufikia mutoto? Je, ni vumbi lililoshikamana na nguo za kazi, ambalo mama anafua kwa mikono yake? Ama ni mbegu ya mwanaume yenyewe, ambayo ADN yake imevunjika-vunjika mbele hata ya mimba? Mambo hayo mawili yanaomba hatua tofauti kabisa. Kama ni vumbi, bafu na mashine ya kufua nguo kwenye mugodi zinaweza kusaidia sana. Kama ni mbegu, inabidi kulinda mwanaume mwenyewe, miezi mingi mbele ya kuzaa.

Hilo ndilo ulizo la memwari. Nikisema ukweli, nafikiri hakuna kichwa kizuri kuliko hicho kwa mwanafunzi wa biolojia ya seli hapa Lubumbashi. Basi juu ya nini hatuoni foleni ya wanafunzi wakikigombania?

Mufuko wa mwanafunzi ndio unachagua

Ukipita katika maktaba na kusoma majina ya memwari za miaka iliyopita, utaona maneno fulani yanarudia-rudia: maarifa na mazoea ya wamama juu ya jambo fulani, wingi wa ugonjwa fulani katika hospitali fulani. Sizidharau. Lakini zinahitaji karatasi ya maulizo, kalamu, rejista ya hospitali na nauli ya bisi, basi. Kwetu mwanafunzi ndiye analipia utafiti wake, ama muzazi wake aliyeuza makala mwaka muzima sokoni. Kwa hiyo kichwa cha memwari kinachaguliwa na mufuko, halafu ndipo akili inapewa nafasi.

Wakati nilikuwa chuo, mwenzangu wa chumba alikuwa anasoma biolojia. Alianza na kichwa juu ya jeni ya SS, ugonjwa ambao kila familia ya hapa inajua jina lake. Alimaliza na hesabu ya wagonjwa waliopita hospitali moja katika miaka mitano. Dawa za labo alizoagiza zilifika wakati siku ya kutetea memwari ilikuwa imekwisha kupita, na zilifika zikiwa vuguvugu. Alipata alama nzuri. Leo anauza dawa za binadamu, na nikimuuliza juu ya jeni anacheka.

SS ingekuwa mufano rahisi zaidi, maana tunaijua kwa undani tangu zamani. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa huo unatoka katika hemoglobini yenyewe, na miaka michache kisha ikaonekana kwamba kinachobadilika ni kipande kimoja tu katika munyororo wa proteini. Ulikuwa ugonjwa wa kwanza duniani kueleweka kwa namna hiyo, na ni ugonjwa wetu. Lakini pale labo ya kartie inabaki na tesiti ya Emmel tu, tone la damu chini ya mikroskopi, haiwezi kutenganisha vizuri mutu AS na mutu SS. Vijana wawili wanaotaka kuoana wanahitaji elektroforezi, na elektroforezi inaomba umeme.

Ndiyo, tumefika kwenye umeme. PCR, ile ambayo kila mutu alijifunza jina lake wakati wa Covid, ni namna ya kunakili kipande kimoja cha ADN mara mamilioni. Mashine inapasha joto mupaka digrii 95, inashusha mupaka karibu 55, inapandisha tena mupaka 72, na inarudia hivyo mara 30 ama 35. Kazi inachukua karibu masaa mawili. Enzimu inayonakili inapaswa kulala kwenye baridi ya digrii 20 chini ya zero. Damu na seli za kulindwa muda murefu zinaomba digrii 80 chini ya zero. Sasa weka hapo delestaji ya SNEL. Umeme ukikatika katika muzunguko wa 18, unatupa kila kitu na kuanza upya. Ukikatika usiku muzima, unapoteza frigo na pengine mwaka wa kazi. Na hayo ni katika Katanga ya zamani, yenye mabwawa ya Nzilo, Nseke, Mwadingusha na Koni, pamoja na laini murefu wa kutoka Inga uliojengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba.

Watu wengine watasema: lakini mashine zipo. Ni kweli, zipo. Mashine ya GeneXpert, ile inayotafuta kifua kikuu ndani ya makohozi, ni PCR iliyofungwa ndani ya kikasha. Mufanyakazi anaweka makohozi, anafunga, anangojea, jibu linatoka. Ni kifaa cha ajabu na kimeokoa watu. Lakini kikasha kile kinajua ulizo moja tu, lile ambalo kiwanda kiliandika ndani yake. Mwanafunzi hawezi kukiuliza juu ya mbegu ya baba, juu ya jeni ya SS ama juu ya samaki wa Kafubu. Ndiyo sababu kuhesabu mashine zilizo katika muji hakutuambii sana juu ya utafiti.

Kile kinachowezekana na kitunguu

Hapa ninataka kukawia kidogo, maana tumezoea kulia juu ya mashine kubwa na kusahau zile kazi ambazo zinaweza kuanza kesho asubuhi.

Chukua kitunguu cha soko la komini Kenya. Weka chini yake katika glasi ya maji ya muto, na kitunguu kingine cha namna ileile katika maji safi. Kisha siku mbili ama tatu mizizi inatoka. Kata ncha ya muzizi, ilainishe kwa asidi, itie rangi, ifinye kati ya vioo viwili, angalia katika mikroskopi ya kawaida. Kitunguu kiko na kromosomu 16, ni kubwa, zinaonekana wazi. Seli zikigawanyika vizuri, kromosomu zinakwenda nusu huku, nusu kule. Maji yakiwa na sumu inayogusa ADN, utaona kromosomu zilizobaki nyuma, zilizovunjika, ama zilizoshikana kama daraja katikati ya seli mbili. Unahesabu, unalinganisha. Mizizi yenyewe ikikataa kurefuka, hilo pia ni jibu.

Njia hii ilianzishwa na Msweden Albert Levan mwaka wa 1938. Ni Levan huyohuyo ambaye, pamoja na Joe Hin Tjio, alionyesha mwaka wa 1956 kwamba mutu ana kromosomu 46, na si 48 kama vitabu vilivyofundisha. Mwaka huo wa 1956 ndio chuo kikuu chetu, wakati ule cha Élisabethville, kilifungua milango. Nalitaja tu kwa sababu linanifurahisha.

Kwa mutu kuna kipimo cha karibu na hicho. Kwa kijiti cha mbao unapapasa ndani ya shavu, unapaka seli kwenye kioo, unatia rangi, unahesabu seli 1,000 ama 2,000 ukitafuta viini vidogo vilivyo pembeni ya kiini kikubwa. Kila kiini kidogo ni kipande cha kromosomu ama kromosomu nzima iliyopotea njia wakati seli iligawanyika. Hakuna sindano, hakuna frigo ya digrii 80 chini ya zero. Mutoto mwenyewe anakubali bila kulia. Na kwa mbegu za wanaume kuna vipimo vya ADN iliyovunjika vinavyotumia rangi na mikroskopi ileile. Ugumu wake uko kwingine: kumushawishi mufanyakazi wa mugodi atoe mbegu zake, katika muji ambako ulizo la kuzaa kwanza linaangukia mwanamuke.

Kazi hizo haziwezi kuchukua nafasi ya labo kubwa. Kitunguu hakisemi ni metali gani imo ndani ya maji, kinasema tu kwamba seli inateseka. Lakini kitunguu kinaweza kurudiwa kila mwezi, kwenye Naviundu, kwenye muto Lubumbashi, kwenye Kafubu, na kikundi cha wanafunzi kimoja kisha kingine, miaka kumi. Ni hapo nguvu ya wanafunzi iko. Profesa mumoja hawezi kukusanya maji ya mito mitatu kila mwezi kwa miaka kumi. Vikundi vya wanafunzi vinaweza.

Faida yake tuliiona kwa kuikosa. Mwanzoni mwa Novemba 2025, maji ya kiwanda cha kampuni CDM yalimwagika katika makartie ya Lubumbashi, na Waziri wa Madini Louis Watum akasimamisha kazi za kampuni hiyo. Katika tukio la namna hiyo kila mutu anauliza kama maji ni mabaya, na upande mwingine unaweza kujibu kila mara kwamba yalikuwa mabaya hata mbele. Unapokuwa na daftari la mwezi kwa mwezi, hoja hiyo inakufa palepale. Wale wanaonywesha lengalenga kandokando ya mito hiyo wangejua wakate ama wangojee.

Kutoka termosi ya Yambuku

Sasa turudi kwa Wabelgiji. Mwaka wa 1976, damu ya mutawa aliyekuwa anaugua katika habari ya Yambuku ilisafirishwa kutoka Kinshasa mupaka Antwerp ndani ya termosi, na huko, pamoja na labo zingine za inje, ndiko Ebola ilitambulika. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku kati ya wa kwanza, hakuwa na labo ya kufanya zaidi. Katika mulipuko wa 2018 mupaka 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, jeni za virusi zilisomwa humuhumu inchini na taasisi yake, INRB. Na mpox mupya iliyotoka Kamituga, katika Kivu ya Kusini, ilitambuliwa na kikundi ambamo Wakongomani walikuwa mbele. Ilichukua miaka zaidi ya 40, lakini njia ilipitiwa.

Ushirikiano na Leuven haukuwa wizi. Bila huo hatungejua namba yoyote kati ya zile nilizoandika juu, na Wakongomani wamepata humo ujuzi na majina yao yako juu ya makala. Ninaona tatizo mahali pengine. Kipimo kikifanyika mbali, ulizo la pili halizaliwi. Mwanafunzi aliyekaa mwenyewe kwenye mikroskopi anaona kitu kisichokuwa katika mupango, anarudi kesho na ulizo lake mwenyewe. Aliyetuma vichupa anapokea jedwali la namba kisha miezi sita. Halafu kuna watu waliotoa mukojo. Mama wa Penga Penga aliyekubali kupimwa anataka jambo moja: mukojo wangu ulisema nini? Labo ikiwa hapa, anaweza kuja kuuliza mulangoni.

INRB ilisukumwa na hofu ya dunia nzima juu ya Ebola, na feza za inje zikafuata. Kobalti haiambukizi mutu wa Paris ama wa New York, inamufikia ikiwa safi ndani ya simu yake. Kwa hiyo feza za labo ya Lubumbashi itabidi zitafutwe karibu na mugodi, na sheria imekwisha kuonyesha mahali. Kodeksi ya madini ya 2018 inaomba kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mugodi. Kampuni inayouza kwa dola miliari 1 inapaswa kutoa dola milioni 3 kila mwaka. Zaidi ya hapo, katika kodi ya madini 25% inakwenda kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta ama muji, na 10% katika Mufuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo, FOMIN. Mashine moja ya kawaida ya PCR inauzwa dola elfu kadhaa, bei ya gari lililotumika. Paneli za jua na betri za kuilinda ingebidi ziongezwe juu.

Ninajua jibu litakalotolewa: 0.3% ni ya visima na madarasa, na ni jamii zenyewe zinazochagua. Sawa. Lakini jamii iliyopata kisima kando ya mugodi inahitaji pia mutu wa kuipimia maji ya kisima hicho mwaka muzima, na mwanafunzi wa memwari ni wa bei nafuu kuliko mutaalamu wa kutoka inje. Ndani ya mupango wa kisima inawezekana kuweka pesa ya rangi, ya vioo na ya nauli. Kile ambacho pesa hiyo haipaswi kununua ni jina la kampuni juu ya matokeo. Kamati ya maadili ya uganga ya UNILU ingekuwa na kazi hapo, na si ndogo.

Muda nao unabana. Mufumo wa LMD, ulioanza kwa wote katika mwaka wa masomo 2021-2022, umeondoa ile lisansi ya miaka mitano na TFC yake katikati. Sasa lisansi ni miaka mitatu, masta inaongeza miwili. Utafiti wenye uzito unasukumwa kwenye masta, na si kila familia itafika huko. Kitunguu na kijiti cha shavu vinaweza kuingia ndani ya lisansi; PCR na mbegu za wanaume vibaki kwa masta. Mugawanyo huo unaweza kuamuliwa katika fakulte yenyewe bila kungojea Kinshasa.

Wale watoto 138 na wale 108 waliozaliwa kati ya 2013 na 2015, wale walio hai, sasa wako na miaka 10 mupaka 13. Wengine wamekwisha kuvaa uniforme ya sekondari. Baada ya miaka sita ama saba, mumoja wao anaweza kuja kujiandikisha katika biolojia.